Ubongo wa mfiwa: mwongozo kamili wa kufikiri, kukumbuka na kuamua mambo baada ya msiba

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefiwa na sasa anaona akili yake haimtii. Unaingia chumbani, umesahau ulichofuata. Ujumbe mmoja wa simu unausoma mara nne. Unaulizwa jina kamili la marehemu, mtu uliyeishi naye miaka na miaka, linakupotea mdomoni. Wengi huogopa kimyakimya: wanadhani wanaingia wazimu, au wamerogwa, au uzee umewafika ghafla. Karibu kila mfiwa hupita hapo kwa kiasi chake. Hali hiyo ina sababu zake ndani ya ubongo, na kwa walio wengi hupungua polepole bila dawa.

Tabu ni kwamba mambo yanayokusubiri hayangoji ipungue. Tazama misiba yetu inavyokwenda. Siku za mwanzo kuna watu wanaofikiri kwa niaba yako. Yupo anayekodi turubai na viti, yupo anayeshika daftari la rambirambi, wapo kina mama jikoni wanaojua kilo za mchele bila kukuuliza, na mjomba anazungumza na hospitali. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye mkeka na kupokea pole. Kisha matanga yanaanuliwa, kwa wengi siku ya tatu, ndugu wanapanda mabasi, na ndipo karatasi zinapoanza: cheti cha kifo, benki, kodi ya nyumba, ada, kiwanja, mafao. Maamuzi makubwa yanakufikia ubongo ukiwa umechoka kuliko wakati wowote, na wasaidizi wameshaondoka.

Kwa hiyo hatua zote zilizomo humu zina shabaha moja, kuurefushia ubongo wako matanga. Kazi ya kukumbuka ihamie kwenye karatasi na kwa mtu unayemwamini, na maamuzi yasiyorudi nyuma yasogezwe mbele.

Kichwani kunatokea nini

Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayopanga, inayopima faida na hasara, inayozuia pupa, na inayoshikilia mambo machache kwa pamoja ili uyafanyie kazi. Hata kwa mtu mwenye raha zake nafasi hiyo ni finyu. Watafiti wa kumbukumbu huikadiria kuwa mambo 4 hivi kwa wakati mmoja. Ndani zaidi, kila upande wa kichwa, kuna kipande kidogo kiitwacho amigdala, na kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Kifo cha mtu wa karibu huipiga kengele hiyo kwa nguvu. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuuandaa mwili kwa hatari, moyo unakwenda mbio, tumbo linafunga, usingizi unakataa. Kengele ikilia hivyo, sehemu ya mbele hupungukiwa nguvu, maana mwili umeumbwa kukimbia kwanza na kufikiri baadaye.

Ukikutana na nyoka, hilo linakuokoa. Kwenye dirisha la benki wiki ya pili ya msiba halikusaidii kitu. Zile nafasi 4 zimeshakaliwa: moja na sura yake ya mwisho hospitalini, moja na deni, moja na swali la "laiti ningemwahisha", nyingine na mtoto aliyekataa kula asubuhi. Karani anakuuliza tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, wewe huna pa kuiweka.

Kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu husumbua pia hipokampasi, sehemu inayosajili kumbukumbu mpya. Ndiyo maana wafiwa wengi hawakumbuki nani alikuja msibani na nani alisema nini. Usione haya kumuuliza mtu jambo kwa mara ya tatu. Hukulisahau kwa dharau.

Lakini kiini cha yote, kwa maoni yangu, kiko kwingine. Ubongo hukaa na ramani ya watu wako: yuko wapi sasa, atarudi saa ngapi, nimpigie lini. Mwaka 2013 wanasayansi wa Norway, wakiwemo May-Britt Moser na Edvard Moser, ambao mwaka uliofuata walipata Tuzo ya Nobel pamoja na John O'Keefe kwa kazi yao kuhusu seli za ubongo zinazotambua mahali, walieleza jambo la kushangaza katika panya. Panya akizoea kukuta kitu mahali fulani, kisha kitu kile kikaondolewa, kuna seli zinazoendelea kuwaka kila anapopita pale kilipokuwa, hata siku kadhaa baadaye. Panya si mtu, na kitu si mume wala mama. Hata hivyo kila aliyefiwa anaujua mwenendo huo: saa kumi na mbili jioni geti linalia, nawe umeshainuka kwenda kumpokea kabla hujakumbuka.

Mtafiti wa Marekani Mary-Frances O'Connor huyaeleza majonzi kuwa ni aina ya kujifunza. Ubongo unalazimika kuichora ramani upya, na hauwezi kufanya hivyo ila kwa kuishi siku baada ya siku bila mtu yule. Katika utafiti wake wa mwaka 2008, wanawake 23 waliofiwa na mama au dada kwa saratani ya titi walionyeshwa picha ya marehemu wakiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo. Kwa wote, maeneo ya ubongo yanayohusika na maumivu yaliitikia. Kwa wale ambao majonzi yao yalikuwa yamekwama, iliitikia pia nyukliasi akumbensi, sehemu ya ubongo inayohusika na hamu na kutarajia kupata kitu, na kadiri mtu alivyosema anamtamani marehemu ndivyo ilivyowaka zaidi. Sehemu hiyo ya ubongo ilikuwa bado inamngoja.

Kujifunza huko kunakula nguvu mchana na usiku. Ukijiona umechoka ilhali hujabeba hata ndoo, kazi hiyo ndiyo iliyokuchosha.

Mambo mawili zaidi, kisha tuingie kwenye hatua. Ukisikia sauti yake ikikuita, au ukahisi yupo chumbani, usidhani umeharibikiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1971, daktari wa Wales, Dewi Rees, aliwahoji wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walisema wamewahi kupata hali kama hiyo. Wengi walikuwa hawajamwambia mtu. La pili ni la aliyefiwa akiwa mbali, Muscat, Doha au London, akaipata habari kwa simu na kuyaona mazishi kwenye kioo cha simu au asiyaone kabisa. Wewe hukuona jeneza, hukuona sanda, hukutupa udongo. Ubongo wako una maneno matupu ya kuichorea ramani, kwa hiyo usishangae kuamini kukichelewa. Waombe ndugu wakusimulie hatua kwa hatua ilivyokuwa, na ukifika nyumbani, hata ukichelewa mwaka, nenda kaburini kabla ya kuingia kwenye vikao vya mali.

Hatua ya 1: Toa mambo kichwani, yaweke kwenye daftari

Nunua kaunta buku moja, si karatasi za kuokoteza. Kila siku andika tarehe juu, kisha kila jambo mstari wake: nani, amesema nini, mimi nimejibu nini, nini kinafuata. Ukurasa wa kawaida unaweza kuwa hivi:

Jumanne. Ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji kasema nirudi Alhamisi na nakala 2 za kitambulisho. Sijaacha karatasi yoyote.
Jumanne. Shemeji wa Morogoro kapiga simu, anasema marehemu alimkopa. Nimemjibu alete maandishi, tutaonana baada ya arobaini.
Jumatano. Dawa ya presha asubuhi: nimemeza.

Mstari wa dawa uandike hata kama unaona haya. Mfiwa hurudia kidonge kwa kusahau kwamba ameshameza, au hukiacha kabisa. Na ulipoacha karatasi ya asili, andika umeiacha kwa nani na saa ngapi. Kila karatasi ipige picha kwa simu kabla haijatoka mkononi mwako.

Karatasi zenyewe zikae mahali pamoja pasipobadilika. Mama yangu mdogo alipofiwa na mumewe, cheti cha kifo kilitafutwa nyumba nzima kikapatikana ndani ya friji, kimekunjwa chini ya mfuko wa samaki. Alikuwa amerudi na vitu viwili mkononi, akaviweka vyote mahali pa kimoja. Tulimtafutia mkoba mwekundu wenye zipu, tukautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na kila karatasi ikawa haina makazi mengine. Rangi kali inasaidia, maana jicho linaiona hata akili ikiwa haipo.

Panga mambo matatu tu kwa siku, na zito kati yao lifanye saa ambayo kichwa kina nafuu. Kwa wengi ni asubuhi.

Hatua ya 2: Chagua mtu mmoja wa kukushikia akili

Huyu si yule anayekubembeleza. Ni mtu unayekaa naye ofisini, anayesikiliza kilichosemwa, na mkitoka nje anakuuliza: tumekubaliana nini? Mchague kwa sifa tatu. Awe hana fungu katika mirathi. Awe mtulivu, hata kama si msomi. Awe na uwezo wa kukaa kimya juu ya mambo yako. Mara nyingi mtu huyu si ndugu wa kwanza. Ni rafiki wa kazini, jirani wa miaka mingi, mwenzako wa kikoba au wa jumuiya ya kanisa, au binamu aliyeko mbali kidogo na mali.

Mpe ruhusa wazi, mbele ya mtu mwingine: "Hadi mwaka uishe, jambo lolote la pesa au la kusaini nitakuuliza kwanza. Nikikuambia nimeshaamua ghafla, nizuie." Ukitamka hivyo mapema humpunguzii mtu heshima siku atakapolazimika kukuzuia.

Hatua ya 3: Yagawe maamuzi kwa umri wake

Hapa ndipo watu wanapoumia kuliko popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Yapo yasiyosubiri. Kibali cha mazishi na karatasi za hospitali vitunzwe tangu siku ya kwanza, maana ndivyo vinavyofungua mlango wa cheti cha kifo. Tanzania, kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na ukichelewa mlolongo unarefuka. Mwajiri wa marehemu apewe taarifa. Watoto warudi shule, na mwalimu wa darasa aambiwe kwa mdomo, si kwa ujumbe. Mambo haya hayahitaji busara kubwa, yanahitaji miguu na daftari, na mtu mwingine anaweza kukufanyia mengi.

Yapo ya kwenda polepole, na kubwa lake ni mirathi. Kwa kuwa ndugu wamekusanyika, kikao cha ukoo mara nyingi huitishwa siku ileile matanga yanapoanuliwa. Naelewa sababu, nauli ni ghali na watu hawatakutana tena hadi arobaini. Lakini kikao hicho kiishie kwenye kupendekeza jina la msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari. Kisigawe hata sufuria. Wafiwa waliomo ndani ya chumba kile hawawezi kushikilia hesabu ya viwanja vitatu na madeni matano kwa pamoja, nao huitikia "sawa" ili kikao kiishe walale. Ukipendekezwa wewe kuwa msimamizi, usikubali kwa machozi. Ni kazi yenye kiapo. Tanzania, ukiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo unatakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu na kuonyesha mahesabu. Kama hujiwezi, omba mtu mwingine awe msimamizi pamoja nawe.

Anayekuambia kungoja ni uzembe mkumbushe kwamba hata sheria inangoja. Kenya, kwa kawaida mahakama haithibitishi mgawanyo wa mali mpaka miezi 6 ipite tangu msimamizi apewe hati ya usimamizi.

Na yapo yasiyorudi nyuma. Kuuza kiwanja au gari. Kuacha kazi. Kuhama mji jumla. Kuoa au kuolewa. Kumkopesha mtu pesa za rambirambi au za mafao. Kugawa nguo na vitu vya marehemu vyote kwa siku moja. Kwa haya nashauri miezi 6 isipungue, na mwaka ikiwezekana. Ubongo uliojaa kotisoli hutafuta njia ya haraka ya kuondoa maumivu, na kuuza nyumba yenye kumbukumbu kunaonekana kama tiba. Maumivu utahama nayo, nyumba haitarudi.

Lakini njaa haisubiri mwaka. Ikiwa lazima ufanye kitu, chagua hatua ndogo kabisa inayoweza kutenguliwa. Pangisha badala ya kuuza. Nenda ukae kwa dada yako muhula mmoja, nyumba ibaki na mtu wa kuitazama. Omba likizo isiyo na malipo kabla ya barua ya kuacha kazi. Nguo ziweke kwenye sanduku, na mwenye haraka ya kuzigawa mwambie atapewa shati moja la ukumbusho.

Waislamu wana kitu cha kuwasaidia hapa. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na Qur'ani katika Sura ya Al-Baqara inakataza kufunga ndoa mpya kabla muda huo haujatimia. Hukumu hiyo ina sababu zake za dini na simpangii mtu dini yake. Nasema tu kwamba mjane aliye edani ana haki ya kukataa kusumbuliwa, aitumie. Na kama kuna ofisi ambayo ni lazima aende mwenyewe, amuulize sheikh anayemwamini, asikubali kuambiwa na shemeji mwenye haraka kwamba hawezi kutoka hivyo asaini kila kitu nyumbani.

Tayarisha sentensi moja ya kujibu presha, uikariri, maana ukibanwa hutaweza kuitunga. Hii imewafaa watu: "Shemeji, nimekusikia na nimeandika. Jambo hilo tutalizungumza baada ya arobaini, kaka yangu akiwepo." Irudie neno kwa neno kila anaporudi. Usiongeze maelezo, kila maelezo ni mlango wa mabishano.

Hatua ya 4: Saini yako isitoke siku hiyohiyo

Karatasi yoyote ilale kwako usiku mmoja. Isomwe kwa sauti na mtu wako wa akili, kila ukurasa, wewe ukisikiliza, kwa sababu macho ya mfiwa hupita juu ya maneno bila kuyashika. Ambacho hukukielewa kiwekee alama ya kalamu. Ofisi ya kweli itakupa siku hiyo moja. Anayesema "ni leo tu" ndiye wa kumwogopa.

Simu nazo zitaanza. Matangazo ya msiba yanasambaa kwenye magrupu, na matapeli wanayasoma. Mtu atapiga akijua jina la marehemu na alikofanya kazi, atasema mafao yako tayari, utume kwanza pesa kidogo ili faili lisogee. Usitume. Kata simu, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko au ya bima. Namba ya siri ya simu ya marehemu usimpe mtu, hata kijana wa nyumbani "anayejua mambo ya simu". Pesa iliyomo kwenye laini ile ni sehemu ya mirathi.

Hatua ya 5: Usingizi, chakula, maji

Usingizi ndio muda ambao ubongo hupanga kumbukumbu za mchana, na mfiwa huamka saa tisa usiku macho makavu. Amka wakati uleule kila asubuhi hata kama ulilala vibaya, toka nje upate mwanga wa jua, na kahawa na chai ya rangi viishie adhuhuri. Ukiamka usiku usishike simu. Liandike lililokuamsha kwenye daftari, kisha kaa kimya au sali. Pombe inaleta usingizi na kuuvunja usiku wa manane. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti vinaongeza usahaulifu uleule unaoukimbia, na kuviacha baadaye ni kazi.

Kama chakula hakipiti, uji. Kikombe kila baada ya saa chache, na maji pembeni.

Wenye presha, kisukari na moyo wasikose dawa hata siku ya kwanza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, uliowahoji karibu watu 2,000 waliopata mshtuko wa moyo wakapona, ulionyesha kwamba katika saa 24 za kwanza baada ya kufiwa na mtu muhimu, hatari ya mshtuko huo ilikuwa mara 21 ya kawaida, kisha ikawa inashuka siku baada ya siku. Kwa hiyo wakati watu wanakimbilia turubai, mtu mmoja atumwe chumbani kwa mama kuleta vidonge vyake. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi msibani yasiitwe majonzi. Apelekwe hospitali.

Hatua ya 6: Jiko, barabara, kazi

Ajali hutokea siku hizi za ukungu. Sema kwa sauti unapofanya: "Nimezima gesi." "Nimefunga mlango." Sauti yako mwenyewe inakusaidia kushika jambo ambalo mkono umelifanya bila akili. Mkaa usiachwe ndani. Kama unaendesha bodaboda, daladala au lori, wiki za mwanzo mwachie mwenzako, na ukirudi anza kwa njia unazozijua na mchana.

Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Ni chache mno kwa ubongo, hilo halina ubishi. Kwa hiyo ukirudi mwambie msimamizi wako wa kazi ukweli, na mwombe kitu mahususi: hesabu zako zipitiwe na mwenzako kwa mwezi mmoja, maagizo uletewe kwa maandishi, mkutano wa uamuzi uahirishwe. Muuguzi, mfamasia, fundi umeme na mhasibu wasione aibu kuomba hivyo, kosa lao linagusa watu wengine.

Hatua ya 7: Pokezana kulia na kufanya kazi

Watu watakuambia "jikaze", hasa ukiwa mwanamume. Wengine watakuambia lia mpaka yaishe. Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka 1999 kwamba wafiwa hupokezana kati ya pande mbili: saa hii uko kwenye huzuni, saa ijayo unahangaika na ada na bomba lililovuja, kisha unarudi. Kukwama upande mmoja ndiko kunakoleta tabu. Kwa hiyo jipe ruhusa ya pande zote. Tenga muda wa kutazama picha, kusoma dua, kuzungumza na mtu aliyemjua. Kisha simama ufue nguo. Ukijikuta umecheka kwenye harusi ya jirani, hujamsaliti marehemu.

Na usijipime kwa zile hatua tano mashuhuri za kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, na majonzi ya waliobaki hayapandi ngazi kwa zamu.

Hatua ya 8: Ujue lini uende hospitali

Nenda leo, usisubiri kesho, ikiwa unafikiria kujiua au kumfuata marehemu, ikiwa huwezi kuwalisha watoto, au ikiwa unasikia sauti zinazokuamrisha. Mwambie mtu aliye karibu, muende pamoja. Hospitali yoyote ya wilaya ni mahali pa kuanzia. Mirembe kule Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala ni hospitali maalumu za magonjwa ya akili, na hazipokei "vichaa" tu kama mtaa unavyosema.

Kwa waliobaki, saa ya kuangalia ni miezi. Katika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022, majonzi yaliyorefuka yanatambuliwa pale ambapo zaidi ya miezi 6 imepita, hamu ya marehemu au kumuwaza bado imetawala siku nzima, maisha yamesimama, na hali yenyewe imepita kiasi cha mila na dini za mtu. Tafiti zinakadiria kwamba humpata kama mfiwa 1 kati ya 10. Yana tiba yake ya mazungumzo, tofauti kidogo na ile ya sonona, hivyo muulize mshauri nasaha kama anaifahamu.

Kwa mzee kuna tahadhari ya pekee. Bibi akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili, hajui yuko wapi, usiseme ni msiba. Apimwe malaria, sukari, maambukizi ya mkojo, na dawa anazotumia zikaguliwe. Na kama usahaulifu wake unazidi miezi inavyokwenda, huenda ulikuwepo zamani ila babu alikuwa anauficha: yeye ndiye aliyejua siku ya kliniki, yeye ndiye aliyehesabu chenji. Babu ameondoka, na tatizo limebaki wazi. Hilo linataka daktari.

Kwa ndugu waliopanda basi

Msaada wenu ulikuwa mkubwa siku tatu za mwanzo, na unahitajika zaidi wiki ya tatu na mwezi wa tatu. "Ukihitaji chochote niambie" inamtaka mfiwa afikirie anachohitaji, akukumbuke wewe, apige simu na kuomba: kazi nne kwa ubongo usio na nafasi. Mwambie badala yake utakachofanya. "Jumamosi saa nne nakuja kukusindikiza RITA kufuata cheti cha kifo." "Ada ya huyu wa kidato cha pili nimeshaongea na shule." Gawaneni wiki kwenye grupu la familia, kila mmoja siku yake ya kupiga simu, na anayepiga amuulize mambo mawili yenye jibu fupi: umekula nini leo, na kuna mtu amekuletea karatasi ya kusaini? Jibu la swali la pili likiwa ndiyo, aombe atumiwe picha ya karatasi hiyo kabla ya kukata simu.